Mjomba anataka mnara wa jenerali



Mimi ni mwanamke wa miaka 46, nafundisha shule ya msingi hapa Muheza. Ni katibu wa kamati ndogo ya utalii wa utamaduni tuliyoiunda pamoja na wenzetu wa Tanga mjini. Wamejitokeza wageni wapenzi wa historia ya vita, wameahidi kuchangia mnara wa kumbukumbu ya Paul von Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa Wajerumani aliyewashinda Waingereza pale Tanga mwaka 1914. Mchoro umeshaletwa. Una sura yake ya shaba, jina lake kwa herufi kubwa, na chini yake maneno ya kumsifu kuwa ni adui aliyeheshimiwa na wote.

Mjomba wangu ni mjumbe wa kamati na ndiye anayeshikilia jambo hili kuliko mtu yeyote. Babu yake, Mnyamwezi, alikuwa askari wa Mjerumani. Mwanawe ndiye aliyekuja huku kufanya kazi kwenye mkonge. Mzee yule mpaka anakufa alikuwa akimtaja kamanda wake kwa heshima, na aliwahi kulipwa na serikali ya Ujerumani uzeeni. Mjomba anasema ikiwa hata Waingereza walimheshimu, sisi ni nani tukatae?

Upande wa baba mambo ni mengine. Baba yake bibi yangu alichukuliwa shambani kwake kwenda kubeba mizigo ya vita, na hakurudi. Bibi alikuwa mchanga. Alikua, akazeeka, akafa bila kujua baba yake amezikwa wapi, na enzi za uhai wake vita vile havikutajwa nyumbani kwake.

Sasa saini yangu inatakiwa kwenye muhtasari na kwenye barua ya kwenda halmashauri. Nikisaini, naona nimemsaliti bibi. Nikikataa, namwaibisha mbele za watu mjomba aliyenilipia ada hadi chuo cha ualimu. Usingizi hauji. Nifanye nini?

Mjukuu wa pande mbili, Muheza

*

Pole, mwanangu.

Nianze na hizo saini, maana umezichanganya mbili na kila moja ina kazi yake. Muhtasari saini. Katibu anaposaini muhtasari anathibitisha kwamba yaliyoandikwa ndiyo yaliyosemwa kikaoni, basi. Wala hathibitishi kwamba yeye anayapenda. Ila pingamizi lako liwemo humo humo, kwa jina lako na kwa sababu zako. Barua ya kuomba kibali cha mchoro ule usiisaini, na usikubali waiandike kwa jina lako. Hayo ndiyo maoni yangu, na sasa nikueleze nimeyafikiaje, kwa sababu utaulizwa na mjomba na hutakuwa na nafasi ya kumjibu kwa neno moja.

Mjomba wako hadanganyi. Lettow-Vorbeck aliheshimiwa kweli na watu waliopigana naye. Januari 1915 huko Jasini, ngome ya upande wa Waingereza ilipokwisha kusalimu amri, aliwapongeza maofisa wao kwa ushujaa, akawarudishia panga zao, akawaachia kwa ahadi kwamba hawatapigana tena katika vita vile. Jan Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyeletwa kumsaka, ndiye aliyemtumia salamu za pongezi porini baada ya Mfalme wa Ujerumani kumtunuku nishani ya juu kabisa. Mwaka 1929 alialikwa London kwenye karamu ya maofisa wa Kiingereza waliokuwa wakimwinda miaka ile, akakaa meza moja na Smuts. Na baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Lettow-Vorbeck akiwa mzee na hali yake ya maisha imeanguka, Smuts na maofisa wengine walimtumia chakula.

Na askari wake nao walimheshimu. Alisema nao Kiswahili. Aliumwa malaria kama wao na akatembea kama wao. Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kusimama Ulaya, alikabidhi silaha pale Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, akiwa na Wajerumani 155 na askari 1,168 waliokuwa bado wamesimama nyuma yake. Mtu halazimishwi kumfuata kamanda miaka minne kutoka Tanga hadi Msumbiji na kurudi hadi Zambia kama hakuna kitu anachokiona kwake. Babu yake mjomba alikuwa na sababu zake, na wewe huna haki ya kuzifuta. Lettow-Vorbeck alipofariki Hamburg mwaka 1964, akiwa na miaka 93, askari wawili wa zamani walisafirishwa kwa ndege kama wageni wa serikali ili wahudhurie maziko. Waziri wa Ulinzi aliyetoa hotuba ya kumuaga, Kai-Uwe von Hassel, alikuwa amezaliwa Gare, huko juu Lushoto, jirani zenu kabisa.

Mwaka huo huo ndipo yalipopitishwa yale malipo ya askari waliokuwa hai. Husimuliwa kwamba walipokusanyika Mwanza, wengi hawakuwa na cheti chochote. Wengine walileta vipande vya sare za zamani. Mhasibu aliyetumwa na fedha akakosa namna ya kujua yupi askari na yupi si askari, ndipo akawapa mmoja mmoja ufagio ashike kama bunduki, akitoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wazee wa miaka sabini na themanini wakakakamaa, wakageuka, wakaweka begani, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Muulize mjomba kama babu yake alikuwa miongoni mwao. Kama alikuwa, hiyo ni hazina ya ukoo, iandikeni mapema.

Lakini angalia ni nani hao wote niliowataja. Ni maofisa na askari, watu waliobeba silaha. Walipimana kwa vipimo vyao vya kazi: nani hodari wa kujipanga, nani hakimbii, nani hampigi mateka. Kwa vipimo hivyo yule bwana alistahili sifa. Aliyechukuliwa shambani Muheza hakuwa na silaha na hakuna aliyemwalika kwenye karamu ya London. Mnara wa umma, mwanangu, hausimamishwi kwa vipimo vya maofisa peke yao, kwa sababu umma uliolipia vita vile haukuwa wa maofisa.

Hebu tukae kidogo hapa, maana kwenye mchoro wenu mambo haya hayamo kabisa. Nchi hii haikuwa na barabara za kupitisha magari ya vita, na ng'ombe, farasi na punda walikufa kwa mbung'o. Kila risasi, kila gunia la unga, kila kasha la dawa lilikwenda kichwani kwa mtu, mzigo wa kilo 25 hivi, siku baada ya siku, kwenye mvua na matope ya Rufiji. Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi zaidi ya milioni moja katika kampeni nzima, wakikusanywa kutoka Kenya, Uganda, Nyasa, Kongo na humu mwetu. Vifo walivyoviandika kwenye daftari vinafika 95,000 hivi, na wanahistoria wanaona hesabu hiyo ni pungufu. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa kula unga usioiva, kwa uchovu. Upande wa Wajerumani daftari halikuwekwa ipasavyo, kwa hiyo wa kwao hatuwezi hata kuwahesabu.

Na wale waliobaki vijijini hawakusalimika. Namna ya kupigana iliyompa Lettow-Vorbeck sifa, yaani kukwepa, kurudi nyuma na kuishi kwa kile nchi ilicho nacho, maana yake ilikuwa kwamba jeshi linafika kijijini, linachukua nafaka na mifugo, linaondoka na vijana. Majeshi ya Waingereza yaliyomfuata yalichukua yaliyosalia. Ugogo, majeshi yote mawili yalipokwisha kupita na mvua zikakosekana, ikaingia njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, na watu walikufa kwa makumi ya maelfu. Daktari mmoja aliyekuwa katika jeshi lake mwenyewe, Ludwig Deppe, aliandika baadaye bila kuficha kwamba walikopita waliacha mashamba yaliyoharibiwa na vijiji vitupu, na njaa ikafuata nyuma yao.

Hukuniambia baba yake bibi alichukuliwa na jeshi lipi. Pengine bibi mwenyewe hakujua. Waingereza waliingia Tanga katikati ya mwaka 1916, na kwa hiyo mtu wa Muheza angeweza kuchukuliwa na Wajerumani wakirudi nyuma, au na Waingereza wakisonga mbele. Kwa mtoto aliyebaki bila baba tofauti hiyo ilikuwa ndogo sana. Ndiyo maana hoja ya mjomba, kwamba hata Waingereza walimheshimu, mimi hainitoshi. Waingereza walikuwa na haki ya kumsamehe yale aliyowatendea wao, lakini ya kwenu hawakuwa na mamlaka ya kuyasamehe.

Sasa utaniuliza, je, haiwezekani kabisa watu kumjengea mnara adui wao wa zamani? Inawezekana, na imefanyika kwa heshima kubwa. Mfano ninaouona mzuri ni wa Uturuki na Australia. Mwaka 1915 wanajeshi wa Australia na New Zealand, kwa amri ya Waingereza, walitua Gallipoli kuivamia Uturuki. Kanali Mustafa Kemal, ambaye baadaye aliitwa Atatürk, alikuwa miongoni mwa waliowazuia, na maelfu walikufa kila upande. Miaka 70 baadaye, mwaka 1985, Waturuki waliipa rasmi ghuba ile waliyovamiwa jina la Anzac, jina la jeshi lililowavamia. Na Waaustralia wakamjengea Atatürk kumbukumbu mjini kwao Canberra, kwenye barabara ile ile yenye minara ya askari wao. New Zealand nao walijenga ya kwao karibu na Wellington, ikafunguliwa mwaka 1990.

Tazama jinsi mambo yalivyokwenda pale. Waliotoa heshima ndio waliopigwa, na wao ndio waliokuwa wamekwenda kuvamia. Aliyeheshimiwa alikuwa akilinda nyumbani kwake. Heshima ilikwenda na kurudi, kila upande ukatoa kitu chake. Kwenu ninyi, aliyekuja kutoka nje ndiye anayejengewa, kwa fedha za wageni, kwenye ardhi ya waliokufa njaa, na upande wa pili hakuna aliyeahidi kuwaandika wapagazi wenu popote. Ujerumani kwenyewe wanamwondoa. Kambi za jeshi hazibebi tena jina lake, na Hannover barabara iliyokuwa na jina lake sasa ina jina la Namibia, kwa sababu kabla ya kuja kwetu mtu huyu alikuwa ofisa katika jeshi la Jenerali von Trotha wakati Waherero wa Namibia walipokuwa wakiangamizwa. Sisemi kwamba wageni wenu wana nia mbaya. Wapo wapenzi wa historia waungwana sana. Lakini kamati iwaulize waziwazi: kwa nini sura inayoteremshwa Ujerumani ije kupandishwa kwetu?

Kuna funzo jingine Canberra, nalo linakuhusu wewe uliye mwandishi wa kamati. Kwenye kumbukumbu ile waliandika maneno matamu ya faraja kwa akina mama wa Australia, wakisema Atatürk aliyatamka mwaka 1934. Baadaye watafiti wakafuatilia na kuona kwamba ushahidi wa yeye kuyatamka ni dhaifu mno, na sehemu yake iliongezwa miaka mingi baada ya kifo chake. Ubishi haujaisha mpaka leo. Jiwe likishachongwa haliitwi kikaoni kusahihishwa. Mchoro wenu unasema aliheshimiwa na wote. Bibi yako hakumheshimu. Neno hilo moja linatosha kuukataa mchoro, hata kama kila kitu kingine kingekuwa sawa.

Kwa hiyo usiende kwenye kikao na kukataa tu. Ukikataa mikono mitupu utaonekana mpinzani wa maendeleo na fedha zitaamua. Nenda na pendekezo: kumbukumbu ya vita vya Tanga, wala si ya mtu mmoja. Ni tukio lenye mengi ya kueleza. Wanajeshi karibu 8,000 walioletwa kwa meli kutoka India, wengi wao hawajawahi kuona nchi hii, wakateremshwa Ras Kasone Novemba 1914. Upande wa pili askari elfu moja hivi. Nyuki waliotimuliwa kwenye mizinga wakawauma wa pande zote mbili. Tom von Prince, mmoja wa walioiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa, mwaka 1894, aliuawa hapo hapo Tanga tarehe 4. Wahindi waliokufa pale wana wajukuu Punjab na Kashmir ambao hawajui Tanga iko wapi. Mgeni anayekuja kutembea atasimama na kusoma hayo yote kuliko atakavyoitazama sura ya shaba ya mzungu mmoja.

Katika maelezo hayo Lettow-Vorbeck awepo. Simwambii mtu amfute. Aandikwe kwamba ndiye aliyeongoza ulinzi wa Tanga, kwamba adui zake walimsifu, kwamba alikabidhi silaha Mbala, na kwamba kupigana kwake kulileta njaa. Sentensi nne zinatosha. Askari wa kiafrika waandikwe kwa kabila zao zote mlizoweza kuthibitisha, na hapo ndipo babu yake mjomba anapopata nafasi aliyostahili, kwa jina lake mwenyewe badala ya kuwa kivuli nyuma ya bwana wake. Na wapagazi waandikwe kwanza, juu kabisa. Dar es Salaam iliwataja katika Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Maandishi yake yanawakumbuka wapagazi, lakini anayeonekana juu ni askari na bunduki yake. Tanga inaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo.

Majina ndiyo kazi ngumu. Anza na jina la baba yake bibi. Kisha pita kwa wazee wa Muheza, Pangani, Korogwe, uulize nani aliondoka na hakurudi. Hamtapata mengi, miaka imekwenda. Hata yakipatikana kumi, hayo kumi yana uzito. Hapo Tanga mjini kwenye Makumbusho ya Urithi, Boma la zamani, kuna watu wanaojali mambo haya, nao watakuelekeza taratibu za Idara ya Mambo ya Kale, ambayo kamati yenu ingepaswa kuisikiliza kabla ya kuchora chochote.

Nimebakiza mjomba. Usimkabili kikaoni. Mtu mzima akipingwa mbele za watu na mtoto aliyemsomesha, hata ukiwa na haki atasikia aibu tu, haki yako hataisikia. Nenda kwake nyumbani kabla ya kikao, nenda na mama yako, na nakushauri umchukue pia shangazi yako, binti wa bibi. Mjomba huenda hajawahi kuisikia habari ya mpagazi yule, kwa sababu ni mambo ya ukweni na hayakuwa yake kuyauliza. Shangazi ndiye anayestahili kuisimulia, na kutoka kinywani mwake mjomba ataipokea kama habari ya watu wake wa ukweni, tofauti na ubishi wa katibu wa kamati.

Lakini mwache mjomba atangulie. Aeleze yote ya babu yake, nawe uandike au urekodi kwenye simu, bila kumkatiza na bila kumsahihisha. Ni mtu aliyebeba kumbukumbu ya mzee aliyedharauliwa baadaye kuwa kibaraka, na nadhani anachokitaka hasa kwenye mnara ule ni kusikia babu yake akiitwa mwanaume kamili. Hilo unaweza kumpa. Akimaliza, shangazi aseme ya kwake. Kisha mwonyeshe pendekezo lako, jina la babu yake likiwa limeandikwa tayari.

Kuhusu ada aliyokulipia, mwanangu, hilo ni deni kubwa na ulilipe maisha yako yote: mtembelee, muuguze, wafundishe wajukuu wake. Hakukulipia ili uandike usichokiamini, na ukimuuliza hivyo kwa upole sidhani kama atakwambia ndiyo.

Akibaki kwenye msimamo wake, msikosane. Mwambie utaandika hoja yake kwenye muhtasari kwa ukamilifu na kwa maneno yake, sambamba na ya kwako, halmashauri ione zote mbili. Halafu omba kikao kiahirishe uamuzi mpaka majina ya wapagazi yakusanywe, na wageni wapewe nakala ya pendekezo jipya wajue wanachoombwa kuchangia. Wakikubali, mmepata wafadhili. Wakisema fedha yao ni ya sura ya shaba tu, basi warudishieni mchoro wao na muanze na kibao cha saruji.